Fahamu: Tanzanaiti ya Mji Mkongwe, utajuaje kama ni halisi?

Ukipita Shangani au mtaa wa Gizenga, Unguja, utakuta tanzanaiti ikiuzwa kwenye maduka ya vito. Je, inafaa kununua?

Inatoka wapi?
Mererani, mkoani Manyara, pekee duniani. Iligunduliwa mwaka 1967; kampuni ya Tiffany ya Marekani ikaipa jina mwaka 1968.

Ina thamani?
Ndiyo, kwa uzuri na uadimu wake. Ila usiinunue kwa kutarajia faida: ukitaka kuiuza, kwa kawaida utalipwa chini ya bei ya dukani.

Bandia hutambulikaje?
- Izungushe kwenye mwanga. Halisi hugeuka kutoka buluu kwenda zambarau. Kioo hubaki na rangi moja.
- Itazame kwa lenzi ya sonara. Viputo vya hewa ni dalili ya kioo. Kingo za nyuma zikionekana mbilimbili, huenda ni fosteraiti iliyotengenezwa maabara.

Karibu mawe yote hupashwa moto ili buluu ikolee. Huo si udanganyifu.

Kabla ya kulipa, dai risiti na cheti cha maabara ya vito. Muuzaji akikataa, ondoka na fedha zako.