Gari Linapoinama: Fundisho la Njia ya Kabambare

Mtu aliyesafiri kwa gari kutoka Kasongo kwenda Kabambare hana haja ya kuelezwa maana ya njia mbaya. Ni mwendo wa zaidi ya kilomita 100 juu ya udongo mwekundu. Wakati wa kiangazi vumbi hufunika macho. Mvua zikinyesha, udongo ule ule hugeuka utelezi kama sabuni. Njia hii ni ya kale. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka Ujiji ilivuka ziwa Tanganyika, ikapita Kabambare, ikafika Kasongo na Nyangwe. Wapagazi wa siku zile walijua jambo moja ambalo sisi wa leo tunalisahau upesi: mzigo usiokaa sawa humwangusha mchukuzi, hata akiwa na nguvu za simba.

Leo nataka kuwaeleza habari za chuma kimoja kilicho chini ya gari, ambacho abiria hakioni, na madereva wengi hawakijali mpaka kianze kugonga. Nitaeleza pia kosa langu mwenyewe, maana fundisho hili sikulipata kitabuni peke yake.

SHAURI LANGU

Miaka michache iliyopita nilikuwa nikisafiri mara kwa mara katika jipu la kubeba abiria. Dereva wake alikuwa kijana mwangalifu, naye alinilalamikia siku moja: "Mwalimu, gari hili linalala sana kwenye kona. Abiria wanapiga kelele, hata mimi mwenyewe naogopa."

Basi mimi, kwa kuwa nilikuwa nimesoma kitabu cha ufundi wa magari, nikajiona mjuzi. Dereva alikuwa amenunua nondo nene ya nyuma iliyotoka Bukavu pamoja na vipuri vya mtumba. Kila ncha ya nondo hiyo ilikuwa na matundu matatu ya kufungia. Nikamwambia, "Funga katika tundu la ndani kabisa. Ndilo lenye kukaza kuliko yote." Akanitii, kwa sababu aliyesema ni mwalimu.

Safari mbili za kwanza zilikuwa nzuri mno. Njia ilikuwa kavu, gari likasimama wima katika kila kona, abiria wakatusifu. Safari ya tatu mvua ilitukuta njiani jioni. Tulikuwa tukishuka mteremko, mbele yetu kona, na juu ya gari magunia sita ya mpunga. Gari halikuinama hata kidogo. Ghafula mkia ukatoroka kwenda nje, gari likakaa kingamo katikati ya njia, gurudumu likaingia mtaroni, tukalala ubavu.

Tulitoka kwa kupitia dirishani, mmoja mmoja. Hakuna aliyekufa. Lakini mwanafunzi mmoja wa darasa langu alivunjika mkono wa kulia. Mkono ule ulipona baada ya miezi. Hata hivyo kila nilipomwona akiandika polepole, nilikumbuka shauri langu.

Tuliporudi Kasongo nilimwendea fundi mmoja mzee, nikamwuliza, "Mzee, nimekosa wapi? Kitabu kilisema nondo ngumu huzuia gari lisiiname."

Akanijibu, "Mwalimu, kitabu hakikudanganya. Gari halikuinama. Lakini je, kuinama ndiko kulikokuwa adui yako?"

CHUMA HIKI NI NINI?

Mafundi wa Kenya na Tanzania huiita stabilaiza. Sisi hapa tutaiita nondo ya usawa. Ni nondo ya chuma cha springi, iliyopindwa mfano wa herufi U pana. Sehemu yake ya kati hushikwa kwa bushi mbili za mpira, na kila ncha huunganishwa kwa kiungo kifupi, ili mwendo wa gurudumu la kushoto na wa gurudumu la kulia ufike katika nondo ile moja. Wazo hili ni la zamani: mwaka 1919 Stephen Coleman wa Fredericton, katika nchi ya Kanada, alipata hati ya uvumbuzi wake.

Kazi yake yafahamika kwa urahisi ukitazama watu wawili wanaokamua shuka lililolowa. Wakizungusha wote upande mmoja, shuka lazunguka tu, wala maji hayatoki. Lakini mmoja akizungusha huku na mwenzake kule, shuka hujikaza na kukataa. Nondo ni vivyo hivyo. Magurudumu mawili yakipanda tuta pamoja, nondo hugeuka bila kuzuia kitu. Gurudumu moja likipanda na la pili likishuka, kama gari linapoinama katika kona, nondo husokotwa. Nayo kwa kuukataa msokoto huo hulirudisha gari wima.

Ugumu wake hutegemea mambo mawili hasa. La kwanza ni unene. Hapo lazima tuangalie sana, maana ongezeko dogo huleta nguvu nyingi. Nondo ya milimita 22 si ngumu kidogo tu kuliko ya milimita 20: inaipita karibu nusu nzima. Ile ya milimita 24 ina ugumu mara mbili ya ile ya 20. Jambo la pili ni urefu wa mkono wake, yaani toka pale nondo inapopindwa hata tundu la kiungo. Mkono mfupi hukaza, mkono mrefu hulegeza. Ndiyo maana tundu la ndani ni gumu, na la nje ni laini.

KWA NINI MKIA HUTOROKA?

Hapa ndipo kosa langu lilipokaa. Nilidhani nondo yaondoa uzito unaolielemea gari katika kona. Sivyo. Uzito ule haupotei. Nondo huugawanya tu kwa namna nyingine kati ya magurudumu.

Tutwae mfano wa hesabu. Tuseme kila gurudumu la nyuma hubeba kilo 500 gari likiwa limesimama. Katika kona, la nje labda litabeba kilo 700 na la ndani 300. Ukiikaza sana nondo ya nyuma, la nje labda litabeba 850 na la ndani 150. Jumla ni kilo 1000 kama zamani. Lakini tairi si mfanyakazi asiyechoka. Ukilitwika mzigo mara mbili, mshiko wake katika udongo huongezeka, lakini haufiki mara mbili. Kwa hiyo anachopata wa nje ni kidogo kuliko anachopoteza wa ndani, na magurudumu mawili ya nyuma kwa pamoja hushika ardhi kidogo kuliko kwanza.

Upande wa mbele huwa kinyume. Kwa sababu nyuma imechukua sehemu kubwa ya kazi ya kulizuia gari lisiiname, magurudumu ya mbele hugawana mzigo vizuri zaidi, yakashika zaidi. Basi pua ya gari huitii kona upesi, na mkia huponyoka. Juu ya barabara kavu dereva hupendezwa, akisema gari limekuwa jepesi kugeuka. Juu ya utelezi, wepesi huo huo ndio mtego.

Tena kuna hasara ya pili. Katika njia ya mashimo, gurudumu moja likishuka shimoni, nondo ngumu hulizuia lisifike chini. Gurudumu lililo hewani halisukumi gari. Ndiyo maana gari lenye nondo ngumu hukwama mahali ambapo gari laini hupita.

Zaidi ya hayo, kuinama ni namna ya gari kusema na dereva. Likiinama lamwambia: "Punguza mwendo, karibu nitashindwa." Mimi nililiziba gari kinywa, nikadhani nimeliponya.

NAMNA YA KUREKEBISHA

Mzee yule hakunifukuza. Alinifundisha utaratibu, nami nauandika hapa kwa faida ya madereva na ya vijana wanaojifunza ufundi.

1. Kwanza ondoa sababu nyingine. Pima upepo wa matairi, tazama springi kama zimevunjika, bushi kama zimekwisha, na shokapu kama zinavuja mafuta. Kurekebisha nondo juu ya gari bovu ni kupaka chokaa ukuta unaoanguka.

2. Shusha mzigo wa juu. Magunia sita ya mpunga yakikaa juu ya paa, hakuna nondo itakayoyashinda. Vizito vikae chini, tena katikati ya gari.

3. Mwisho wa kazi, kaza viungo na bushi gari likisimama kwa magurudumu yake mahali tambarare, si likining'inia juu ya jeki. Ukikaza likining'inia, mpira wa bushi utakaa umepindika, nao utachakaa upesi. Tazama pia kwamba nondo haisokotwi gari likiwa limetulia.

4. Badili tundu moja tu kwa mara moja, kushoto na kulia sawasawa. Wala usibadili nondo na upepo wa matairi siku moja, maana hutajua lipi limeleta jema na lipi limeleta baya.

5. Jaribu mahali peupe pasipo watu, bila abiria, kwa mwendo mdogo ule ule kila mara. Andika katika daftari: tarehe, tundu, mzigo, hali ya njia, na jinsi gari lilivyojibu.

6. Pua ikikataa kona na kukimbilia nje, waweza kuikaza nyuma kwa hatua moja. Mkia ukitaka kutoroka, legeza nyuma mara moja. Ukiwa na shaka, chagua tundu laini. Watengenezaji wa magari kwa kawaida huyapanga hivyo kwa makusudi, pua ishindwe kabla ya mkia, kwa maana dereva wa kawaida huweza kupunguza mwendo akanyosha usukani. Lakini mkia ukishatoka, ni wachache wawezao kuurudisha.

7. Usitoboe tundu jipya katika nondo ya kiwandani, wala usiichomelee. Moto wa kuchomelea huharibu ugumu wa chuma cha springi, nayo huweza kukatika siku usiyoitazamia.

HATA MABINGWA HULEGEZA

Mtu asidhani kulegeza ni woga. Mashindano ya magari ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953 katika nchi za Kenya, Uganda na Tanganyika, yalijulikana duniani kwa njia zake kali za vumbi na matope. Joginder Singh, fundi na dereva wa Kenya, aliyashinda mwaka 1965, tena 1974 na 1976. Mafundi wa mashindano ya namna hiyo hufuata kanuni moja: juu ya lami huchagua nondo ngumu, juu ya udongo huchagua laini, ili kila gurudumu liifuate ardhi.

Wenye viwanda nao waliona taabu hiyo hiyo. Toyota ilipotoa Land Cruiser ya namba 200 mwaka 2007, baadhi ya magari hayo yaliwekewa mtambo wa mafuta unaounganisha nondo ya mbele na ya nyuma. Juu ya njia nzuri nondo zakaza. Gurudumu moja likiingia shimoni, zalegea. Angalieni jinsi akili ya watu wengi ilivyotumika ili kupata jambo hili tu: kukaza panapofaa, kulegeza panapofaa. Wahenga walisema kweli, usione vyaelea, vimeundwa.

Sisi tusio na mtambo ule tuna mikono, spana, daftari na subira. Dereva wetu alirudisha nondo yake katika tundu la nje, akashusha magunia kutoka paani, na akaanza kwenda polepole katika miteremko. Gari likainama tena kidogo kwenye kona. Abiria mmoja alipolalamika, dereva akamjibu, "Acha liiname, mama. Linaniambia niliko."

Basi, ndugu zangu, na hasa ninyi wanafunzi mnaopenda mitambo: mtu akikuomba shauri juu ya chombo chenye kubeba watu, usimpe neno la kitabuni ulilolisoma nusu. Mwulize kwanza njia yake ni ipi, mzigo wake ni upi, na mvua itanyesha lini. Shauri langu lilikuwa la barabara kavu, isiyo na mashimo. Yule mtoto alivunjika mkono juu ya utelezi wa Kabambare.