Mafunzo ya Mtaalamu wa Usafi wa Kinywa

Ukoga ni utando laini wa bakteria unaoshika meno kila siku. Usipoondolewa kwa mswaki, madini yaliyomo katika mate huugandisha ukawa ugaga mgumu, usiotoka ila kwa vyombo maalumu. Kuukwangua chini ya fizi bila ujuzi ni kumjeruhi mgonjwa.

Dakta Alfred Fones, aliyetaka meno yakingwe kabla ya kuoza, alianzisha shule ya kwanza ya wataalamu wa kazi hiyo mjini Bridgeport, Marekani, mwaka 1913. Wahitimu wake waliwahudumia watoto wa shule za mji huo. Mwaka 1917 Irene Newman, mwanafunzi wake, alipewa leseni ya kwanza na jimbo la Connecticut.

Siku hizi nchini Marekani mwombaji hutakiwa awe amemaliza sekondari. Vyuo vingi hudai pia biolojia na kemia. Mafunzo huchukua kwa kawaida miaka 3 hivi. Mwanafunzi husoma anatomia, maradhi ya fizi na upigaji picha za eksirei, na kuhudumia wagonjwa chini ya usimamizi. Hufuata mitihani, kisha leseni ya jimbo.

Basi anayeitamani kazi hii asiipuuze maabara ya shule: huko ndiko safari yake inakoanzia.