Nakala za Kumbukumbu za Chama

Mwanachama aletapo kahawa yake kituoni, karani huipima, huandika kilo daftarini na kumpa stakabadhi. Daftari likiungua au kuliwa na mchwa, mkulima aliyepoteza stakabadhi hana ushahidi wa kudai malipo ya pili, wala chama hakina hoja ya kumkatalia anayedai kupita haki yake.

Vyama vyenye kompyuta havikuepukana na hatari hiyo. Mashine huibwa, huharibiwa na umeme, au huingiwa na virusi.

Kanuni ifaayo huitwa 3-2-1: nakala 3, katika vyombo vya aina 2, na 1 iwekwe mbali na ofisi. Ya kwanza imo kompyutani. Ya pili katika diski ya nje ifungiwayo kabatini. Ya tatu imechapwa karatasini na kupelekwa Chama Kikuu. Diski iachwayo imechomekwa kompyutani si kinga, kwani virusi huifikia.

Jina la kila faili lianze na mwaka, mwezi na siku, mathalani 2024-07-31, ili mafaili yajipange kwa mfuatano.

Kila mwisho wa mwezi, katibu aifungue nakala mbele ya mjumbe wa Bodi, na jumla ya kilo ilinganishwe na leja. Nakala isiyojaribiwa haitegemewi.