Watoto Wenye Usonji Wasingoje Darasa la Kwanza

Yupo mtoto ambaye ukimwita jina hageuki, ilhali pikipiki ikipita nyuma ya nyumba huziba masikio na kulia. Hupanga visoda mstari mmoja tangu asubuhi hadi adhuhuri, na kimoja kikiondolewa hana raha tena siku nzima. Maneno mawili matatu aliyokuwa nayo yamepotea. Majirani humwambia mama kwamba mtoto amerogwa, au ana jini, au amedekezwa mno. Mtoto wa namna hiyo yupo Mandewa na Misuna, katika Manispaa ya Singida, kama alivyopo Wete na Makunduchi.

Hali hiyo huitwa usonji. Si maradhi ya kuambukiza, si laana, wala haitokani na malezi mabaya. Ni tofauti katika ukuaji wa ubongo, nayo hugusa mazungumzo, uhusiano na watu, na jinsi mtoto anavyopokea sauti, mwanga na mguso. Daktari Leo Kanner aliieleza nchini Marekani mwaka 1943, alipoandika habari za watoto 11. Kwa miaka mingi baadaye, baadhi ya wataalamu wa nchi zilizoendelea waliwalaumu akina mama kwamba hawakuwapenda watoto wao vya kutosha. Dai hilo limekwisha kukanushwa. Basi jirani wa Singida anayemlaumu mama hakuanza yeye kukosea, wasomi walimtangulia. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 mtu 1 katika kila 127 duniani alikuwa na usonji.

Wahenga walisema, udongo uwahi ungali maji. Ubongo wa mtoto hujengeka kwa kasi kubwa katika miaka yake ya mwanzo, na ndipo mafunzo ya kuwasiliana yanapomfaa zaidi. Lakini huko Bara darasa la awali humpokea mtoto akiwa na miaka 5. Mwenye usonji akingojea hadi hapo, miaka bora ya kumsaidia imekwisha kupita. Tena akiingizwa ghafla katika darasa lenye watoto wengi na makelele, atakimbia, atapiga wenzake au atajificha chini ya dawati. Kisha atarudishwa nyumbani kwa jina la mtundu au mjinga.

Nchi yetu si ngeni katika elimu maalumu. Jirani na Singida, shule ya wasioona ya Buigiri, Dodoma, ilianza mwaka 1950, na shule ya viziwi ya Tabora mwaka 1963. Lakini asiyeona hutambulika upesi, ilhali mwenye usonji hutembea, huruka na ana sura kama ya wenzake. Kwa hiyo hachelewi kulaumiwa, bali huchelewa kusaidiwa. Miongoni mwa vitengo vya usonji vinavyojulikana ni kile cha Shule ya Msingi Msimbazi Mseto, Dar es Salaam. Kutoka Singida hadi huko ni kama kilometa 700. Mtoto asiyestahimili honi apandishwe basi kwa mwendo huo, na mama aache shamba la alizeti ahamie mjini? Msomaji wa Pemba, ambaye huvuka bahari kutafuta tabibu, anaijua vema taabu hiyo.

Darasa linalohitajika si jumba la fahari. Ni chumba kimoja tulivu, watoto wachache, mwalimu aliyesomea kazi hiyo na msaidizi wake. Ukutani ziwepo picha zinazoonyesha mpango wa siku: kunawa mikono, kucheza, kula uji, kwenda nyumbani, maana mtoto huyu hutulia anapojua kinachofuata. Asiyesema afundishwe kuomba maji kwa kuonyesha picha. Kazi igawanywe hatua ndogo ndogo, na kila hatua isifiwe. Pembeni pawe na mahali pa kupumzikia sauti zikimzidi. Mzazi naye afundishwe. Shirika la Afya Duniani limeandaa mafunzo kwa walezi wa watoto wa miaka 2 hadi 9, na yanaweza kutolewa na watu wasio mabingwa. Shabaha isiwe kumtenga mtoto maisha, bali kumwandaa ajiunge na wenzake pale anapoweza.

Tunawaomba viongozi mambo matatu. Kwanza, mtoto anapopelekwa kliniki kuchanjwa akiwa na miezi 18, muuguzi asiishie kwenye mizani. Aulize: je, hugeuka akiitwa? Je, huonyesha kitu kwa kidole? Pili, kila halmashauri itenge walau chumba kimoja cha awali kwa watoto hawa, na mwalimu aliyehitimu elimu maalumu, kama wale wa Chuo cha Patandi, apewe darasa hilo na si jingine. Tatu, Maofisa Ustawi wa Jamii wazifikie nyumba ambamo watoto wamefichwa, kwa upole na bila vitisho.

Misingi ipo. Zanzibar ilitunga sheria ya haki za watu wenye ulemavu mwaka 2006, na Bara mwaka 2010. Sera ya Elimu ya Zanzibar ya 2006 iliingiza elimu ya maandalizi katika elimu ya lazima, na vituo vya Tucheze Tujifunze vimeonyesha kwamba masomo ya watoto wadogo yanaweza kuanzishwa vijijini bila kungoja majengo makubwa. Bara nako ilizinduliwa, Desemba 2021, Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto.

Sheria haimfundishi mtoto kuomba maji. Anayemfundisha ni mwalimu, chumbani, mtoto akiwa bado mdogo. Huyo ndiye tunayemdai, Singida na Visiwani.