Mtoto Kwanza, Vipele Baadaye

Karibu nusu ya watoto waliozaliwa baada ya kutimiza miezi yao hutokwa na vipele katika wiki ya kwanza, mara nyingi kati ya siku ya pili na ya tano. Ni mabaka yenye kipele cheupe au cha manjano katikati; leo yako kifuani, kesho yamehamia mgongoni, na baada ya wiki moja au mbili hayapo. Watoto wachache, wengi wao weusi, huzaliwa na vijipele laini vinavyopasuka kwa kuguswa tu na kuacha madoa meusi. Madoa hayo hufifia yenyewe baada ya wiki au miezi kadhaa. Aina zote mbili hazitaki dawa. Naanza na hizi kwa sababu mzazi anayeamka na kuikuta ngozi ya mwanawe imebadilika huona ni lazima afanye jambo, na mara nyingi kinachomdhuru mtoto ni lile jambo lililofanywa.

Kabla ya kuviinamia vipele, mtazame mwenye vipele. Ananyonya kama jana? Analia kwa nguvu zake? Ukimgusa anajinyoosha, au amelegea tu? Kwa mtoto aliye chini ya miezi miwili, joto la nyuzi 37.5 au zaidi ni hatari, na mwili kupoa chini ya 35.5 ni hatari vilevile. Kadhalika kupumua mara 60 au zaidi kwa dakika akiwa ametulia, kifua kubonyea ndani, degedege, au kukataa titi. Ukiona hata moja kati ya hizo, mpeleke hospitali saa hiyohiyo, awe na vipele au asiwe navyo. Vipele vyenye usaha kwa mtoto wa umri huu vionwe siku hiyohiyo, kwa kuwa vijidudu vya ngozini hupenya upesi hadi kwenye damu. Na malengelenge kwenye viganja na nyayo za mtoto mchanga yanaweza kuwa kaswende aliyoambukizwa tumboni. Inatibika kwa penisilini, ila ni lazima mtu aitafute.

Kisha ngozi yenyewe. Vitabu vingi vinakwambia utafute wekundu, lakini kwenye ngozi nyeusi wekundu huo hugeuka zambarau, kahawia au kijivu, na pengine hauonekani kabisa. Mwaka 2020 Malone Mukwende, mwanafunzi wa udaktari jijini London, alishirikiana na walimu wake kutoa kijitabu kiitwacho Mind the Gap, chenye picha za dalili za magonjwa kwenye ngozi nyeusi na ya kahawia, kwa sababu katika masomo yake alikuwa akionyeshwa ngozi nyeupe tu. Sisi wa Afrika Mashariki tuna kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi pale hospitali ya KCMC, Moshi, ambacho tangu miaka ya 1990 kimefundisha wataalamu wa nchi nyingi za Afrika. Hata hivyo, nyumbani mzazi hana budi kutumia mikono yake pamoja na macho: apapase aone kama panakwaruza, pamevimba, au pana joto kuliko pembeni.

Kipimo kimoja kila mzazi anakiweza. Chukua gilasi inayopitisha mwanga, ubonyeze ubavu wake juu ya vipele huku ukitazama ndani yake. Vingi hupauka. Visipopauka, maana yake damu imevuja chini ya ngozi, na mtoto mwenye homa na madoa ya namna hiyo huenda ana homa ya uti wa mgongo au sumu ya vijidudu katika damu. Hapo usingoje kupambazuke. Kwa mtoto mweusi, tazama pia viganja, nyayo, ndani ya kope la chini na kaakaa.

Sasa nije kwenye kupaka, jambo linalonisikitisha kuliko yote. Bibi atasema ni mchango na kuleta majani ya kuogea, jirani ataleta poda, muuza duka la dawa atatoa tyubu ndogo na kusema ni ya vipele vyote. Tyubu hiyo ndiyo niiogopayo zaidi. Nyingi huchanganya dawa ya fangasi, ya bakteria na steroidi kali, na steroidi hutuliza uvimbe na mwasho kwa siku mbili tatu, mama akaamini mtoto amepona. Kama chanzo kilikuwa fangasi au upele wa utitiri, ugonjwa huendelea kutambaa chini kwa chini, umbo lake likiwa limevurugika hata mganga anashindwa kuutambua. Ngozi ya mtoto ni nyembamba, na ndani ya nepi dawa hufunikwa ikafyonzwa zaidi. Ikitumika kwa muda mrefu huidhoofisha ngozi, na inaweza kuingia kwenye damu na kuzuia tezi za mwili zisitengeneze homoni yake. Steroidi ina kazi yake, hasa kwa pumu ya ngozi, lakini iandikwe na mtu aliyemwona mtoto na akasema ni ipi, kiasi gani, kwa siku ngapi.

Basi siku ya kwanza fanya machache. Mwogeshe kwa maji ya vuguvugu bila sabuni ya manukato, mkaushe kwa kugusagusa, mvalishe pamba nyepesi. Piga picha mchana, karibu na dirisha, kwa sababu vipele vina tabia ya kupotea siku ya kliniki. Kumbuka chakula kipya, sabuni mpya, na dawa yoyote aliyokunywa. Chupa ya dawa hiyo uibebe. Midomo ikivimba au pumzi ikibana, au malengelenge yakija pamoja na vidonda mdomoni na machoni, hiyo ni dharura.

Harara, inayowasumbua watoto wengi wa Dar es Salaam na Mombasa msimu wa joto, hutokea vijitundu vya jasho vikiziba shingoni, kwapani na mgongoni. Mafuta mazito huziba zaidi, na vumbi la poda huingia mapafuni. Hapo dawa ni kumvua. Vipele vya nepi navyo hupenda hewa, pamoja na krimu ya zinki. Vikiingia hadi ndani ya mikunjo na kuzungukwa na vidoa vidogovidogo, ni fangasi.

Upele halisi, ule wa utitiri, kwa mtoto mchanga hushika hata kichwa, viganja na nyayo. Mwasho unaweza kuchelewa wiki tatu hadi sita tangu kuambukizwa, kwa hiyo nyumba nzima itibiwe siku moja, hata asiyejikuna. Dawa ya watu wazima usimpake mtoto kabla ya kuuliza.

Imebaki surua. Isichanganywe na homa nyingine ya watoto, inayopanda sana kwa siku tatu, ikishuka ndipo vipele hutoka, na mtoto huyo amekwisha pata nafuu. Surua ni kinyume chake: mafua, kikohozi na macho mekundu hutangulia, na vipele huanza nyuma ya masikio na usoni vikishuka chini huku homa ingali juu. Mgonjwa huambukiza tangu siku nne kabla ya vipele hadi siku nne baada yake, hivyo ukifika kituo cha afya sema mapema ili asiketishwe kwenye foleni na wenzake. Atapewa vitamini A siku mbili mfululizo, kulinda macho na uhai wake.

Chanjo ya surua hutolewa miezi 9 na miezi 18, Tanzania na Kenya. Itazame kadi ya mwanao leo. Kama umri umepita na nafasi hiyo ni tupu, mpeleke kliniki kesho asubuhi, bado hajachelewa.