Kufyonza au Kunasa? Uteuzi wa Vinasamvuke katika Uchambuzi wa Kemia

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi wanakemia wanavyoteua mata ya kukusanyia mvuke wa kampaundi za kaboni, kama vile benzeni na tolueni, kabla ya kuupima, na kuonyesha kwamba istilahi isiyo makini huweza kuuvuruga uteuzi huo.

Hewa yenye mvuke hupitishwa katika mrija uliojazwa chembe za mata maalumu. Mtu huweza kusema kwamba chembe hizo "hufyonza" mvuke. Kitenzi hicho hakifai. Sifongo hufyonza maji yakaingia ndani yake. Hapa molekuli hushikwa juu ya uso wa chembe, kama ndege kwenye ulimbo. Madhali Kiswahili kimekwisha kuunda kinasasauti, twapendekeza kinasamvuke. Tena nasa ina jozi yake, nasua, ambayo fyonza haina. Na kunasua ndiyo nusu ya pili ya kazi yenyewe, kwani kisichonasuka hakipimiki.

Tuchukue mkaa amilifu. Gramu moja yake ina uso wa takribani mita za mraba 1000, nao hushika kwa nguvu mno. Kampaundi nzito hazibanduki vyema kwa joto, hivyo mara nyingi huoshwa kwa kaboni disulfidi, na sampuli ikazimuliwa. Tenax TA, ambayo ni polima, ina takribani mita za mraba 35 tu kwa gramu. Lakini huvumilia joto la hadi sentigredi 350, huachia ilichokinasa, na haivutii unyevu. Udhaifu wake ni kampaundi nyepesi: kloridi ya vinili, ichemkayo kwenye sentigredi -13, huipita upesi. Hiyo huhitaji chekeche-molekuli za kaboni, ambazo nazo hunasa maji, kero kubwa penye hewa ya pwani.

Aghalabu basi vinasamvuke viwili au vitatu hupangwa katika mrija mmoja, dhaifu mbele na chenye nguvu nyuma. Wakati wa kunasua, gesi hupitishwa kinyume, ili kampaundi nzito zisifike kamwe kwenye kinasamvuke kisichoachia.

Hata uteuzi bora una kikomo: hewa ikizidi, kilichonaswa husukumwa nje. Kwa hiyo mrija wa pili huunganishwa nyuma ya wa kwanza, nao huchambuliwa peke yake. Ukikutwa na mvuke wa kutosha, kipimo cha wa kwanza hakiaminiki.