Sindano 48: Utangulizi

Somo hili lina kituko chake: dawa tunazolinganisha karibu zote zimeshawekwa kando. Tangu kidonge cha sofosbuvir kiidhinishwe Marekani Desemba 2013, homa ya ini aina ya C imekuja kutibiwa kwa vidonge, mara nyingi wiki 8 hadi 12. (Usiichanganye na ile ya B, inayotajwa zaidi kwetu; hii ya C haina chanjo.) Ya nini basi kufukua intaferoni, sindano iliyotangulia vidonge hivyo?

Mchukue mkulima wa pamba wa Lalago, wilayani Maswa, aliyeandikiwa tiba ya mwaka 2005. Sindano moja kila wiki kwa wiki 48, dawa ikae kwenye ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8. Vidonge vya ribavirini kila siku. Vipimo vya damu kila mara, kwa kuwa sindano huleta homa na huzuni nzito, na vidonge hupunguza damu. Jokofu, maabara, barabara ya Kolandoto wakati wa mvua: hayo hayamo kwenye jedwali lolote la matokeo, na ndiyo yangeamua.

Jedwali lenyewe linasema nini? Intaferoni peke yake iliponya chini ya mtu mmoja kati ya watano. Ilipoambatana na ribavirini, kuanzia 1998, ikakaribia wanne kati ya kumi. Baadaye ikafungwa mnyororo wa kemikali ili ikawie mwilini, na waliopona wakazidi nusu kidogo. Kupona hapa ni kirusi kutoonekana kwenye damu miezi 6 baada ya dozi kwisha.

Sindano hizo za kukawia zilikuwa mbili, alfa-2a na alfa-2b. Jaribio la IDEAL, lililotangazwa 2009, lilizishindanisha kwa wagonjwa 3,070 wa Marekani: waliopona ni asilimia 40.9 kwa 39.8. Sare, wakasema. Lakini anayenunua ng'ombe mnadani haangalii pembe tu. Ribavirini haikutolewa kwa kipimo kimoja katika makundi yote, na aliyegharamia ni Schering-Plough, mwenye alfa-2b.

Mimi kilichonivuta kwenye somo hili ni kingine. Utafiti wa 2004 ulikuta Wamarekani Weusi wakipona asilimia 19, Weupe 52. Damu za IDEAL zilipochunguzwa, badiliko la herufi moja karibu na jeni IL28B likaeleza takriban nusu ya pengo. Kumbe wastani ulikuwa umeficha watu.

Kirusi nacho kina koo zake. IDEAL ilichukua ukoo wa 1 tu. Afrika Mashariki na ya Kati ukoo wa 4 ni mwenyeji. Rwanda ilipowapa watu 300 vidonge vya ledipasvir na sofosbuvir, katika matokeo ya 2019, asilimia 87 walipona. Wenye tawi la 4r walikuwa 48, wakapona 27.

Sura ya kwanza inaanza na wale 21 waliobaki.